Filamu Iliyokaangwa Kama Taamia

Katika mtaa wao mjini Zagazig, Misri, hakukuwa na mtoto mwenye kinyaa kama Basant. Kila asubuhi alipotumwa kununua taamia, zile bajia za maharage za kifungua kinywa, alisimama mbele ya karai la Ami Mahrus, akakunja pua na kuchungulia mafuta kama daktari anayechungulia koo la mgonjwa.

"Ami Mahrus, haya mafuta ni ya leo?"

"Ya leo, binti yangu."

"Mbona meusi kama oili ya trekta?"

Wateja wakacheka. Ami Mahrus akanuna. Basant alirudi nyumbani na taamia za wenzake, yeye mwenyewe akala mkate na jibini.

"Mafuta yaleyale! Kaanga, kaanga tena, kaanga tena. Natapika mie!" alisema. Hakuna aliyembishia, maana midomo yote ilikuwa imejaa.

Wiki hiyo, hata hivyo, Basant alikuwa na kazi kubwa kuliko kukagua mafuta. Dada yake Shorouk alikuwa ameolewa, na baba yao, dereva wa lori huko Kuwait, alinyimwa ruhusa ya kuja. Harusi ya binti yake wa kwanza angeiona kwenye diski tu. Binamu yao Hamdi angesafiri Ijumaa, na diski ilitakiwa kuwa mfukoni mwake.

Aliyerekodi harusi ni Mjomba Ragheb, kaka yake mama, kwa kamera yake ya kanda. Kwa kuwa Basant alikuwa hodari wa kompyuta, na hakuchoka kuwakumbusha watu hivyo, mjomba alimwachia kazi ya kuhariri.

"Ukishakata na kuunga vipande, kompyuta inavipika viwe filamu moja," alimweleza. "Ukitaka kubadili kitu, rudi kwenye vipande vibichi vilivyotoka kwenye kanda. Usipike tena kilichokwisha kupikwa, picha itachakaa. Umenisikia?"

"Nimekusikia, mjomba."

Alisikia kwa sikio moja, maneno yakatokea la pili. Filamu ya kwanza ilitoka safi kabisa. Basant alifurahi, na kwa kuwa alitaka nafasi ya michezo yake, akavifuta vipande vibichi vyote kwenye kompyuta. Zilibaki kanda zenyewe, ndani ya kopo la biskuti juu ya kabati.

Ndipo jamaa wakaanza kuingia.

"Basant, roho yangu," alisema Shangazi Kawthar, "pale ninapotafuna bata, paondoe. Nimeonekana kama sijala tangu nizaliwe."

"Na kwa nini Kawthar aonekane kabla yangu?" Mama mdogo Inshirah akadakia. "Bibi harusi nimembeba mgongoni mimi, au kambeba yeye? Nitangulize!"

Kesho yake Kawthar akarudi kudai jina lake liandikwe kwa herufi kubwa. Inshirah akataka lake liwe kubwa zaidi. Kila walipoagiza, Basant aliifungua filamu iliyokwisha kupikwa, akaikata na kuipika upya. Na kwa kuwa mapishi yalichukua muda, alichagua picha ziminywe ziwe nyepesi, kompyuta imalize upesi, naye akimbilie michezo yake. Hakuitazama tena.

Jumatano alasiri familia nzima ilikusanyika mbele ya televisheni. Shorouk alikuja na mumewe. Bibi akavaa miwani. Filamu ikaanza.

Lo! Uso wa Shorouk ulikuwa kama uji wenye madonge. Meno yake yalikuwa yameshikana, ukanda mmoja mweupe usio na pengo. Hina ya mikononi ilionekana kama ukungu uliomea kwenye mkate wa juzi, na keki ilikuwa kama plasta mbichi ya fundi ujenzi. Basant akakunja pua.

"Huyu aliyeumwa na nyuki ni nani?" aliuliza Bibi.

"Ni bibi harusi, mama," alijibu mama.

Shorouk aliinuka, akaenda kulia jikoni.

"Basant! Uchafu gani huu?" alifoka mama.

"Ni... ni kamera ya mjomba," alisema Basant. "Mbovu. Mimi nimekata na kuunga tu."

Mjomba Ragheb alikuwa amesimama mlangoni. Jioni hiyo alikuwa na harusi ya kurekodi kijiji cha pili, akapita kuwasalimu. Aliitazama ile picha, kisha akaitazama kamera yake.

"Nisamehe, dada," alisema polepole. "Sikujua imeharibika kiasi hiki."

Mama, kwa hasira na kichefuchefu, akalishusha kopo la biskuti. "Chukua na kanda zako. Rekodia harusi nyingine juu yake, mimi sitaki kuziona. Mume wangu nimtumie hiki kinyaa?"

Mjomba akachukua kanda moja, akaitia ndani ya kamera, akageuka kuondoka. Basant akajua: ikirekodiwa harusi nyingine juu yake, baba hatamwona Shorouk na shela lake maisha yake yote.

"Mjomba, ngoja! Kamera ni nzima! Ni mimi! Niliipika, nikaipika tena, nikaipika tena... na vipande vibichi nimevifuta!"

Mama akasema taratibu, "Kaanga, kaanga tena, kaanga tena?"

"Natapika mie," akamalizia Bibi.

Hakuna aliyecheka. Mjomba aliitoa ile kanda, akairudisha kwenye kopo, akaenda kuazima nyingine kwa rafiki yake.

Alhamisi walianza upya. Kanda zikahamishiwa kwenye kompyuta, Basant akakata na kuunga, na safari hii shangazi na mama mdogo walimaliza ugomvi wao kabla ya mapishi.

"Picha iache kwa ukubwa uleule uliotoka kwenye kamera," alisema mjomba. "Usiiminye kwa haraka zako. Pika mara moja, kisha toa mkono."

Basant akakaa na mikono mapajani mpaka kompyuta ilipomaliza. Filamu ilitoka inang'aa, hata shanga za shela zilihesabika.

"Yaa! Masharubu yangu yanaonekana!" alipiga kelele Shangazi Kawthar. "Ile mbovu ilikuwa nzuri zaidi!"

Hamdi aliondoka na diski. Jumapili asubuhi baba akapiga simu, akaomba aongee na Basant.

"Shorouk alipokuwa anashuka ngazi, mama yako alijifuta chozi kwa ncha ya mtandio. Mlimwona?"

Hakuna aliyekuwa amemwona.

"Mimi nimemwona, nikiwa huku mbali. Mjomba wako amenieleza yote, mwanangu. Kuharibu kazi si ajabu, kila mtu huharibu. Lakini uongo wako ulimpaka tope mtu aliyetutendea wema, na ulikaribia kulifuta chozi lile. Ukikosea, sema palepale, kanda ingali ipo. Na kazi ya watu usiifanye kwa kukimbilia michezo."

"Ndiyo, baba. Sitarudia."

Kisha akatumwa taamia. Alisimama mbele ya karai, kimya.

"Vipi, daktari?" aliuliza Ami Mahrus. "Leo hukagui?"

"Leo nimejikagua mwenyewe kwanza, ami," alijibu Basant. Akachungulia, akakunja pua. "Lakini haya mafuta, wallahi, bado meusi."