Uzi wa Vizibo

Kila siku baada ya mapumziko, wanafunzi wa darasa la sita walivuka uwanja wakiwa na vitabu vyembamba vya hadithi na kwenda kuketi kwenye baraza ya darasa la kwanza. Kila mmoja alikuwa na mdogo wake wa darasa hilo wa kusoma naye. Waliegemea ukuta wawili wawili, kitabu mapajani, na baraza nzima ikavuma kama mzinga wa nyuki.

Mpango huo ulikuwa wa mwalimu wa darasa la sita, mwanamke mrefu asiyepaza sauti. Aliuwekea kanuni moja tu: mkubwa anaruhusiwa kuonyesha kwa kidole, anaruhusiwa kuuliza, lakini haruhusiwi kulitamka neno. "Mdogo akikwama, subirini," aliwaambia. "Kusubiri nako ni kazi." Ukurasa uliosomwa mpaka mwisho ulipata kizibo kimoja cha soda, kilichotobolewa kwa msumari na kutungwa kwenye uzi. Nyuzi hizo zilining'inia ukutani, na upepo ukipita zilikuwa zikilia.

Uzi mrefu kuliko zote ulikuwa wa Redio na Nukta. Redio alipewa jina hilo kwa sababu alikuwa hajui kunyamaza, hata mama yake alikuwa akimwambia, "Punguza sauti, mwanangu, betri zitaisha." Nukta alikuwa mtoto wa fundi cherehani. Hapakuwa na mdogo kuliko yeye katika darasa la kwanza, na ndiyo sababu wenzake walimwita hivyo.

Kusubiri kulimshinda Redio tangu siku ya kwanza. Nukta alikileta kitabu mpaka puani, akakunja uso, akanyamaza.

"Wewe unasoma au unanusa?" Redio alimtania.

"Nasoma, dada."

"Haya, hapa pameandikwa nini?"

Nukta alizidi kukunja uso. Redio alitazama huku na huku. Mwalimu alikuwa upande wa pili wa baraza. Akamnong'oneza mtoto lile neno, naye Nukta akalirudia kwa sauti kubwa. Neno likawa sentensi, sentensi ikawa ukurasa. Nukta alikuwa na masikio makali ajabu. Kitu alichokisikia mara moja alikirudisha kama kilivyo, na kidole chake kikitembea kwenye mistari, mtu aliyepita angeapa kwamba anasoma. Redio alijiambia kwamba anamsaidia tu, na kwamba siku moja mtoto ataanza kusoma mwenyewe.

Jirani yao pale barazani alikuwa mvulana aliyeitwa Kinyonga, kwa mwendo wake wa taratibu. Mdogo wake alikuwa amekwama ukurasa uleule tangu juma lililopita.

"Nyie mnasoma au mnafukuzwa?" Kinyonga aliuliza.

"Wivu huo," Redio alijibu. "Kaulize uzi wako mbona umesinyaa."

Jumatatu mwalimu wa darasa la sita aliwatangazia jambo. Ijumaa wazazi wangekuja kikaoni, na wenye uzi mrefu wangewaonyesha kazi yao. Nukta angesimama mbele na kusoma ukurasa ambao hajawahi kuuona. Redio angekaa kwenye benchi na wenzake.

Mwalimu wa darasa la kwanza alikuwepo. Alimtazama Nukta kwa muda. "Nifurahi au nishangae?" alisema. "Nilikuwa nimekwisha amua arudie darasa. Akisoma Ijumaa, atapanda na wenzake."

Redio alianza kuhesabu kwa vidole siku zilizobaki mpaka Ijumaa.

Kesho yake alimchukua Nukta nyuma ya maktaba na kuanza upya. Alimwekea kidole chini ya herufi moja moja. "Hii ni nini?" Nukta alikisia. Alipokosa, alikisia tena. Redio alipandisha sauti, akaishusha, akabembeleza, akakemea. Mwishowe machozi yalidondoka kwenye karatasi.

"Niambie tu, dada," Nukta alisema. "Ukiniambia nitashika. Mimi sisahau."

"Ijumaa sitakuwepo karibu yako!"

"Basi sema kwa nguvu. Nitakusikia."

Redio alifunga kitabu. Kila njia aliyoifikiria ilikuwa na ukuta mbele. Akimwambia mwalimu, Nukta angerudia darasa na yeye angeonekana mwongo. Asipomwambia, yaleyale yangetokea, ila mbele ya wazazi wote.

Alhamisi jioni alikwenda dukani kwa fundi cherehani akiwa amedhamiria kusema. Alimkuta fundi ameinama juu ya gauni dogo la bluu. Chini ya meza, Nukta alikuwa akipanga vifungo kwenye makopo. Alikishika kila kifungo kwa vidole, akakipapasa, akakitupa kwenye kopo lake bila kukitazama.

"Shikamoo, baba," Redio alisalimu.

"Marahaba, mwalimu wetu!" fundi aliitikia, akacheka. "Karibu. Unaliona gauni? La kesho hilo. Nimemwambia kila mteja kwamba kesho nafunga duka, nakwenda kumsikiliza binti yangu akisoma. Mimi mwenyewe shule niliishia njiani."

"Baba, nilitaka kusema..."

"Sema, mwanangu."

Redio aliutazama mkono wa fundi ukilipitisha gauni chini ya sindano, polepole, pasipo kuukosa mstari.

"Ni zuri sana," alisema, akaondoka.

Ijumaa ukumbi ulijaa. Wazazi walibanana kwenye viti vya wanafunzi, magoti yakiwafika kidevuni. Darasa la sita walikaa kwenye benchi pembeni, Redio akiwa mwisho wa benchi, karibu kabisa na mbele. Fundi alikaa safu ya kwanza, na tepu ya kupimia bado imemning'inia shingoni.

Mwalimu wa darasa la sita alifungua kitabu kipya na kumpa Nukta. Ukurasa ule ulikuwa na picha ya basi likivuka daraja. Nukta alikileta kitabu puani, akakaa hivyo kitambo. Kisha akainua kichwa na kuanza kwa sauti safi:

"Kuku wa babu ametaga mayai kwenye kofia. Babu anaitafuta kofia. Kuku anasema, ngoja kwanza..."

Mzazi mmoja aliyekuwa karibu alichungulia kitabu. "Kuku gani? Mbona hapo pana basi?"

"Kuku ni abiria," mwingine alidakia, na ukumbi ukaangua kicheko.

Hadithi hiyo ya kuku Nukta aliishika barazani. Sasa alifungua ukurasa mwingine, akarudi kwenye ule wa kwanza. Kule kwenye benchi, midomo ya Redio ilikuwa ikicheza bila sauti. Hakuna alichoweza kumpa mtoto yule kutoka alipokaa. Fundi alikuwa ameinamisha kichwa na kuisokota tepu kidoleni.

"Dada Redio," Nukta aliita. "Uko wapi?"

Redio aliinua mkono. Alikuwa karibu naye kiasi kwamba angeweza kuligusa gauni lake. Nukta alimtazama usoni, macho yakampita, yakaenda kumtafuta kwenye safu ya nyuma.

"Dada, uko wapi?"

Hapo Redio alisimama. Kitabu puani, vifungo vya kupapaswa, kidole kilichotembea kwenye mistari bila macho kukifuata: alikuwa ameviona vyote, asijiulize kwa nini.

"Hanioni, mwalimu," alisema. "Hajawahi kusoma hata ukurasa mmoja. Mimi ndiye niliyekuwa nikimsomea kwa kunong'ona, naye anakariri. Nadhani haoni maandishi."

Kicheko kilikatika. Mwalimu alichukua chaki, akaandika ubaoni silabi moja yenye ukubwa wa sinia, kisha akamshika Nukta mkono na kumsogeza mpaka ubaoni.

"Hii ni nini?"

"Ma," Nukta alisema papo hapo.

Mwalimu akaandika nyingine. "Na hii?"

"Ji. Maji!" Nukta aligeuka kwa furaha. "Haya ni makubwa, mwalimu. Ya kitabuni ni moshi mtupu."

Juma lililofuata, fundi na mwalimu wa darasa la kwanza walimpeleka Nukta hospitali, kwa daktari wa macho. Daktari alimpima na kusema kwamba macho yake ni mazima ila yanahitaji miwani, na kwamba angechelewa zaidi shule ingezidi kumpita. Miwani ilipokuwa ikitengenezwa, mwalimu wake alimwandikia masomo kwa herufi kubwa kwenye vipande vya boksi. Uamuzi wa kurudia darasa ulisogezwa mbele mpaka asome kwa macho yake.

Mwalimu wa darasa la sita alimwita Redio barazani na kumpa ule uzi mrefu. "Uvue vizibo vyote," alisema.

Redio alivivua kimoja kimoja na kuvitia kwenye kopo. "Nilitaka kumsaidia, mwalimu."

"Najua. Lakini kanuni ya kusubiri sikuiweka ili kuwatesa. Mtoto akikwama, kukwama kwake kunatuambia kitu. Ungeniambia siku ya kwanza kwamba Nukta hawezi, ningeuliza kwa nini hawezi, na tungefika kwenye macho yake mapema. Wewe ulifunika kushindwa kwake, nasi tukakosa pa kuanzia." Akalitazama kopo. "Na mimi pia nilihesabu vizibo, nikasahau kumsikiliza anayevipata. Ukweli hata ukiwa mbaya unatupa mahali pa kushika. Uongo mzuri hautupi."

Siku miwani ilipofika, Nukta alikaa mahali pake akiwa ameishikilia puani kwa kidole. Alitazama ukuta, akatazama nyuzi, akatazama uso wa Redio kwa muda mrefu.

"Kumbe una kovu kwenye nyusi," alisema.

"Soma wewe."

Nukta alifungua ukurasa wa kwanza. Neno la kwanza lilipita, la pili likapita. La tatu likamkwamisha. Alivuta pumzi, akajaribu, akaacha, akajaribu tena. Kinyonga aligeuka kutazama. Redio alikuwa ameketi wima, viganja vyote viwili vimeziba kinywa chake, akisubiri.