Simu ya Tatu

Nyumba ile ya Tunduma ilikuwa na watu wawili na simu mbili, lakini waifai ilihesabu tatu. Raudha aliziona kwenye orodha: yake, ya mumewe Yahaya, na nyingine isiyo na jina. Akawasingizia majirani. Akabadili nywila mara nne, na kila alipomaliza, simu ya tatu ilikuwa imeshaingia kabla ya yake.

Kisha ikaja harufu ya udi. Ilitoka chumba cha wageni, kwenye ruta, kila adhuhuri jua likiwa utosini, na wao hawakuwa wamechoma udi tangu Idi. Siku moja Raudha alisikia humo kicheko cha chini, cha mtu anayetazama video peke yake, akausukuma mlango kwa kidole, akaona godoro la wageni limebonyea katikati na hakuna aliyelikalia, kisha kile kibonyeo kikasogea pembeni, polepole, kumpisha yeye akae.

Mwalimu Abdulswamad akaitwa. Alisoma mpaka kanzu ikalowa, kisha akanong'ona, "Nani alimkaribisha?"

"Hakuna, Mwalimu."

"Huyu hakuvamia. Ni mgeni."

Hapo Raudha akakumbuka. Ferdinand, fundi wa kampuni, alipofunga ruta alimwambia aupe mtandao jina alipendalo, naye kwa mbwembwe zake akaandika Karibu Wote.

"Mwenye mkataba wa mtandao ndiye mwenyeji," alisema Mwalimu. "Adhuhuri simama mlangoni, umuage kwa kinywa chako, kwa adabu. Wala usimrithishe mtu."

Adhuhuri ikaja, ikapita; ya pili, ya tatu. Raudha hakuthubutu. Bahati, au aliiita bahati, Yahaya akapata kazi ya uwakala wa forodha mpakani Isongole, wakafungasha. Mkataba ulikuwa umebakiza miezi saba.

"Hauvunjwi hivi hivi, dada," alisema Ferdinand. "Ama ulipie yote, ama utafute mtu aupokee."

Mtu alipatikana upesi: mpangaji mpya, Anastazia, muuguzi kutoka Ikinga, na mwanawe Enoka wa miezi mitano. Aliachiwa hata lile godoro la wageni.

"Mungu akubariki, dada," alisema. "Sasa mama yangu atamwona mjukuu kila siku."

Ferdinand alipotoa mashine ya alama za vidole ili kuuhamisha mkataba, Raudha ndiye aliyempokea mtoto ili mama mtu atie kidole. Mtoto alikuwa mzito, ananukia maziwa, akamshika ushungi. Raudha alifungua mdomo, akaufunga. Woga tu, hakuna jina lingine.

Huko Isongole Raudha hakupata raha. Akisonga ugali, anakiona kile kidole. Akisujudu, anakiona. Wiki ya tatu simu ikaita.

"Dada, samahani kukusumbua," Anastazia alisema kwa sauti ya kujibana. "Mimi nina simu moja, mbona huku zinaonekana mbili? Halafu Enoka mchana anachekea ile kona ya godoro."

"Usimlaze humo. Nakuja."

Alipanda gari la kwanza asubuhi, na adhuhuri alikuwa amesimama kwenye mlango wa kile chumba. "Mgeni wetu," alisema, "karamu imekwisha. Nenda kwa amani." Malori ya barabarani yakawa hayasikiki tena, udi ukamjaa puani mpaka machozi yakamtoka, na sauti ya upole, ya mtu aliyelelewa vizuri, ikamjibu karibu kabisa na sikio: "Wewe si mwenyeji wangu tena."

"Dada, unaongea na nani?"

Anastazia alikuwa nyuma yake, amembeba mtoto. Raudha akamweleza yote, kuanzia simu ya tatu hadi maneno ya Mwalimu, bila kujipunguzia. "Mkataba sasa ni wako. Ni wewe tu unayeweza kumuaga. Nisamehe, mdogo wangu."

Anastazia akamvuta mtoto kifuani. "Siku ile uliponishikia Enoka ili nitie kidole," aliuliza, "ulikuwa unajua?"

"Nilijua."

Ndani godoro lilibonyea. Raudha akanyoosha mikono ampokee mtoto, kama siku ile. Anastazia aliitazama ile mikono, akamfunga Enoka mgongoni kwa kitenge, akaingia naye chumbani kumuaga mgeni.