Herufi Mbili za Kheir

"Herufi hizi za nani?"

Kheir hakuinua uso kutoka kwenye kompyuta. "Zangu. Si imeandikwa hapo?"

Zeyana akamsogezea mumewe simu. Shoga yake Nasima, anayefanya kazi hoteli moja Kiwengwa, alimtumia picha ya bango jipya, na chini yake ujumbe: "Hongera shoga. Mumeo kaunda fonti, herufi mpya za kompyuta, hoteli nzima wanamsifu. Lakini mbona mie nimemkumbuka marehemu?"

Herufi zilikuwa nene, hazina vikia, zimelalia kulia kama mtu anayewahi swala ya jamaa. Ndivyo marehemu Mzee Simai, babake Zeyana, alivyoandika mabango ya maduka ya Darajani maisha yake yote. "Mteja anapita mbio," akisema, "basi herufi nazo zikimbie naye."

"Baba alipolala kitandani mgonjwa, ulizunguka mji mzima ukipiga picha mabango yake. Ukasema ni ukumbusho."

"Nlipata fikra tu. Fikra haina mwenyewe."

"Na jina lake?"

"Mtu wa brashi na kopo la rangi, Zeyana. Nani atanunua fonti ya mtu wa kopo?"

"Kumbe kila ulipomwambia shikamoo, jicho lako liko ukutani."

"Chunga ulimi. Nimezichora mwenyewe, moja moja, A mpaka Z."

"Niandikie Q. Na X."

Kheir akacheka, akabonyeza. Q ikatokea imesimama wima kama askari wa zamu. X nyembamba, miguu ya korongo. Kati ya wenzao zilikaa kama wageni waliokosea nyumba ya harusi.

Kicheko kikamkauka.

"Kiswahili hakina Q wala X," Zeyana akasema taratibu. "Na baba mabango ya Kizungu alikuwa hayataki. Hakuna ukuta uliokupa herufi hizo, ndiyo maana ukaziunda mwenyewe. Tazama sura zao."

"Basi, ntaliweka jina lake. Yaishe."

"Nshamwandikia Nasima."

"Umemwambia nini?"

Akamgeuzia kioo cha simu. "Waonyeshe wakubwa wako bango lolote la baba. Q na X ndizo za Kheir. Zilizobaki ni za Mzee Simai."

Kheir akasimama, kiti kikaanguka. "Umenivunjia heshima mbele ya watu."

"Wewe umemvunjia maiti. Nipe talaka yangu."

"Kwa ajili ya herufi?"

"Kwa ajili ya mkono ulioziandika. Mimi ndiye niliyeushika ukipoa."

"Na nisipokupa?"

Zeyana akachukua kalamu na karatasi, akaviweka mbele yake.

"Andika. Neno lenyewe halina Q wala X. Herufi zote unazo."

Kheir akaandika, mdomo kaubana. Zeyana akaisoma karatasi ile mlangoni, buibui liko begani. Herufi zilikuwa nyembamba, zimesimama wima. Hizo kweli zilikuwa zake.