Mshono Ulionyooka

Haya yalimpata shangazi yangu, dada wa baba, na sehemu kubwa niliiona mwenyewe kwa sababu nilikuwa nashona kwake. Anayetaka kuniita mwongo na aniite. Nimeshaitwa mengi, pale dukani kwa shangazi jina langu lilikuwa Mdomo.

Duka lenyewe lilikuwa chumba kimoja kirefu. Dirisha lilitazama barabara, meza ya kukatia vitambaa ilikaa katikati, cherehani zilipangwa ukutani, na nyuma kabisa palikuwa na kijichumba cha kupimia nguo chenye pazia. Siku ile ilianza kama siku nyingine yoyote, ila shule zilikuwa karibu kufunguliwa na sare zilikuwa zimejaa hadi kwenye viti vyetu. Asubuhi nilifungua birika nimimine chai, nikakuta kola ya shati ndani. Tulicheka sana, na Rula alicheka kuliko sote, kashika tumbo lake kwa mikono miwili.

Rula alikuwa mkwe wa shangazi, mke wa mwanawe wa pekee, binamu yangu dereva wa lori. Jina hilo tulimpa kwa sababu ya mshono wake. Hakuwa anachora chaki wala kupima. Anaweka kitambaa, anakanyaga, na mshono unatoka umenyooka utadhani umepigiwa mstari. Mimba yake ilikuwa imeingia mwezi wa nane.

Sasa, shangazi alikuwa na kipimo chake cha uchungu. Alikirithi kwa mama yake, naye fundi cherehani. Fundi mjamzito akilalamika kwamba tumbo linakaza, shangazi alimkalisha kwenye cherehani na kumpa kipande cha kitambaa. Tumbo likikaza, piga mshono. Ukipinda, ni uchungu wa kweli, haya tafuta gari. Ukinyooka, tumbo linafanya mazoezi tu, rudi kazini. Yeye mwenyewe siku ya kumzaa dereva mshono wake ulikwenda mrama hadi ukatoka nje ya kitambaa, na mafundi wote waliowahi kupita pale dukani na mimba walipimwa hivyo hivyo, wakajifungua salama. Nani angembishia?

Wiki iliyotangulia Rula alikazwa na tumbo. Akapiga mshono, ukanyooka. Akanywa maji, akalala kwa ubavu, tumbo likaachia na halikurudi. Shangazi alitembea dukani siku nzima kifua mbele.

Lakini asubuhi ile ya kola, baada ya chai, nilimwona Rula ameacha kukanyaga. Alikuwa amejishika kiuno.

"Mama," alimwambia shangazi kwa sauti ya chini. "Linakaza tena."

"Kunywa maji."

"Nimekunywa. Nimelala, nimetembea. Safari hii haliachii kama lile la juzi. Linaanzia mgongoni, linakuja mbele, linaacha, halafu linarudi. Linarudi kwa zamu. Nesi wa kliniki alisema yakija kwa mpangilio, yakawa yanakaribiana na kuzidi kuuma, hayo si mazoezi. Na kwa kuwa miezi haijatimia, alisema nisingoje."

"Huyo nesi amezaa wangapi?"

Rula akatazama chini. "Hajazaa bado."

"Basi. Chukua kitambaa."

Akapiga mshono. Nilisimama nyuma yake. Niliona jasho likimtoka juu ya mdomo, niliona vidole vyake vya miguu vimejikunja juu ya kanyagio. Mshono ukatoka umenyooka.

"Shangazi," nikasema, "huyu ni Rula. Nyumba ikiungua atashona, na mshono utanyooka. Kipimo hiki hakimfai yeye. Tumpeleke."

"Na wewe umezaa lini, Mdomo? Nenda kanunue vifungo."

Nilikwenda. Vifungo vyeupe msimu wa sare huadimika, nikazunguka duka baada ya duka. Niliporudi, jua lilikuwa limeshainama. Rula alikuwa amelala sakafuni, shangazi amepiga magoti anampigapiga mashavuni. Nikamgusa tumbo. Lilikuwa gumu kama ubao, na halikuwa linaachia tena. Kitambaa chake kilikuwa bado kwenye cherehani. Kilijaa mishono, mmoja pembeni ya mwingine, yote imenyooka, mpaka kitambaa kilipoisha.

Hospitalini daktari aliuliza uchungu ulianza lini. Rula alikuwa kwenye machela, macho wazi.

"Sasa hivi tu, daktari," shangazi akasema. "Ghafla."

Rula akageuza uso, akamtazama. Wakamsukuma ndani, mlango ukafungwa, na hatukumwona tena akiwa hai. Mtoto naye hakulia. Kondo la nyuma lilikuwa limebanduka kabla ya wakati, daktari alitueleza baadaye, na damu ilikuwa imemwagika kwa ndani. Alivua kofia yake akasema kama tungefika mapema zaidi labda angekuwa na la kufanya.

Dereva alifika siku ya pili na vumbi la safari nywelini. "Ilikuwaje, mama?"

"Ghafla, mwanangu. Ghafla tu."

Alimwamini. Alimkumbatia mama yake akamwambia asijilaumu. Mimi niliona mgongo wa shangazi unavyokakamaa ndani ya kumbatio lile, na nikajua kuna kitu amekimeza ambacho hakitashuka.

Shule zikafunguliwa. Watoto wakapita dirishani na sare tulizoshona. Shangazi akahamisha kiti chake, akawa anashona kautazama ukuta.

Alasiri moja akaacha kukanyaga. Akajishika kiuno.

"Linakaza," akasema.

"Nini?"

"Tumbo."

Mwanamke mwenye mvi kichwa kizima. Nikajaribu kumtania: "Shangazi, umetuficha mchumba?" Hakucheka. Alichukua mkono wangu akauweka juu ya gauni lake. Chini ya kiganja changu tumbo lilijikusanya, likawa gumu, likakaa hivyo kwa muda, kisha likalegea polepole.

Akanywa maji. Likarudi. Akalala kwa ubavu. Likarudi. Akatembea kutoka dirishani hadi kwenye pazia na kurudi, akiburuza ndala, na katikati ya chumba likamkamata tena, akashika meza ya kukatia. Nilimpeleka hospitali siku hiyo hiyo, kwa ubishi. Walimpima kwa mashine, wakatazamana. Hapakuwa na kitu. Wakampa dawa ya gesi.

Likawa linakuja kila siku, dukani tu, kuanzia saa ile ya chai. Linaanzia mgongoni, linakuja mbele. Na kila siku zamu zilikaribiana zaidi.

Siku moja alikaa kwenye cherehani ya Rula, ambayo hakuna aliyekuwa ameigusa. Akachukua kitambaa. Tumbo lilipokaza akakanyaga. Mshono ulipinda, ukapinda vibaya, sindano ikavunjika. Akakaa anautazama.

"Wangu unapinda," akasema. "Wake haukupinda. Lakini nilimwona, Mdomo. Niliona vidole vya miguu. Niliona anajing'ata. Ulipoondoka aliniomba tena, mara hii alinishika mkono, na mkono wake ulikuwa wa baridi. Nilijua. Sare zilikuwa zinangojwa, nikajiambia mshono umenyooka."

Nilikuwa na hasira naye siku zote zile, na hasira na nafsi yangu kwa kunyamaza, sifichi. Lakini sauti yake siku ile ilinikata.

"Mwambie mwanao," nikasema.

"Atanichukia."

"Atakuchukia. Mwambie."

Akafumbua mdomo kunijibu, tumbo likamkaza, akainama hadi paji la uso likagusa cherehani. Lilipoachia nilimwambia twende tena hospitali, safari hii nitakodi gari.

"Nilimnyima yeye gari," akasema. "Mimi nipande la nini?"

Baada ya hapo sikutaka kumgusa tena. Alinilazimisha mara moja. Alivuta mkono wangu akaubana ubavuni mwake, akaninong'oneza nisubiri. Nikasubiri. Kitu kikanipiga kiganjani kutoka ndani. Kitu kidogo cha duara. Kisigino.

Siku ya mwisho hapakuwa na mteja hata mmoja. Jua lilikuwa kali, mlango wazi, barabara inapiga kelele zake. Zamu zilikuwa hazina nafasi katikati. Shangazi alijikokota hadi kwenye kijichumba cha kupimia nguo. Akavuta pazia.

Nilisikia anahema.

Nilisikia kucha zikikwaruza ukuta.

"Mpigie," akanong'ona. "Mpigie mwanangu."

Nikapiga. Nikapitisha simu chini ya pazia. Mkono ulioipokea ulikuwa umelowa jasho.

"Haikuwa ghafla," nilimsikia akisema. "Alianza asubuhi. Aliniomba nimpeleke, akaniomba tena. Nilimpa kitambaa ashone. Nilidanganya. Nilimdanganya daktari yeye akiwa ananisikia, nikakudanganya wewe." Akanyamaza, akahema. "Ni mimi, mwanangu. Ni mimi."

Upande wa pili palikuwa na ngurumo ya injini. Kisha simu ikakatika.

Shangazi akatoa pumzi moja ndefu. Kimya. Niliita. Nikasogea. Nikasikia sauti ndogo, ya unyevunyevu, inakatika na kuendelea.

Nikavuta pazia.

Alikuwa amekaa sakafuni, blauzi imefunguliwa, mikono imekunjwa kifuani. Haikuwa imebeba kitu. Tumbo lilikuwa limenywea. Hapakuwa na damu wala maji. Maziwa yalikuwa yanamtoka, kwa umri ule, na hayakuwa yanadondoka. Yalikuwa yanakwenda mahali.

"Taratibu," akaninong'oneza. "Ndiyo kwanza analala."

Dereva aliingia kesho yake. Alikuja kwa shari, uso tu ulisema. Alisukuma kiti, akasimama mbele ya mama yake, ngumi zimefungwa.

"Sikuombi unisamehe," shangazi akasema. Alinyanyuka polepole, mikono bado imekunjwa. "Mpokee mwanao."

Nilitaka kumwambia binamu yangu kwamba mama yake amerukwa na akili, amwonee huruma. Sikuwahi. Alikuwa ameshanyoosha mikono, labda amsukume. Shangazi akaweka kitu kisichokuwepo juu ya mikono hiyo.

Mikono ya dereva ikashuka.

Ilishuka kwa uzito. Akaiinua haraka, kwa hofu, na kiganja kimoja kikaenda chenyewe kutegemeza shingo nisiyoiona. Alisimama hivyo. Hasira yote ilimtoka usoni nikaona kitu kibaya zaidi kikiingia. Kisha akatoka, akipita mlangoni kwa ubavu ili asikigongeshe alichobeba kwenye fremu. Lori likaondoka taratibu kuliko nilivyowahi kuliona likiondoka.

Shangazi alibaki mikono mitupu, na hapo ndipo adhabu yake ilipoanza hasa. Tumbo halikukaza tena. Lakini maziwa yaliendelea kuja, kwa saa zake, yakilowesha blauzi hadi kiunoni, na hapakuwa na wa kuyanyonya. Nilimpa vitambaa akajifunga. Aliniambia yanauma. Nikamwambia twende tutafute dawa ya kuyakausha.

"Yaache yaume," akasema. "Nilimnyang'anya mtoto mama yake. Ningebakije naye mimi?"

Alilia siku ile kwa mara ya kwanza tangu maziko, kwa sauti, kama mtoto, mbele ya mteja aliyekuja kupunguza suruali.

Lori lilirudi mchana mmoja wa mvua. Dereva alishuka hajanyoa, macho mekundu, chupa ya mtoto mkononi. Hakusalimia. Aliiweka chupa juu ya meza ya kukatia.

"Ya kopo hataki," akasema.

Shangazi akasimama. Blauzi yake ilikuwa imeanza kulowa.

"Sijakusamehe, mama."

"Najua."

"Sijui kama nitaweza."

"Najua, baba."

Dereva akafuta mvua kidevuni. "Panda," akasema.

Shangazi aliacha mkasi pale pale ulipokuwa, akatoka na ndala zake, akapanda. Nilisimama mlangoni. Kwenye kiti cha katikati mle ndani niliona shuka iliyokunjwa, basi. Mlango wa lori ukafungwa, na papo hapo mtaa ukatulia. Ndipo nilipotambua kwamba tangu lori liliposimama kulikuwa na mtoto analia.

Nilirudi ndani. Chupa ilikuwa mezani, imejaa hadi shingoni, maziwa yameganda utando juu. Hakuna tone lililopungua. Lakini chuchu ya mpira ilikuwa imetafunwa, imebonyea pande zote mbili, bila alama ya jino hata moja. Nikaigusa kwa ncha ya kidole. Mate yalikuwa bado ya moto.