Chotara wa Mama Vyungu

Jioni ile nilitoka kazini mapema kidogo, nikapitia kwa mpasua mbao kuchukua magome. Gunia dogo tu, magome ya msonobari yaliyokatwakatwa ukubwa wa kidole gumba. Dada alikuwa ameniagiza tangu asubuhi, akihema baada ya kila neno la nne, kwamba magome ya zamani yameoza na okidi zake haziwezi kukaa na mizizi kwenye uozo. Mwenyewe alikuwa na siku kumi na tisa hajainuka kitandani. Lakini mizizi ya maua yake aliijua inaumwa nini.

Nilifika nyumbani jua linazama. Nilipofungua mlango wa mbele nikasikia Dada akizungumza na mtu chumbani kwake.

Nikafurahi, sitasema uongo. Wageni walikuwa wamekwisha. Ugonjwa ukizidi mwezi, hata jirani husahau njia ya kwako. Nikaweka gunia chini, nikawa napanga cha kumwandalia mgeni. Ndipo nikamsikia anaondoka kwa kupitia uani.

Chap...

Kimya.

Chap...

Kimya.

Sauti ya ndara. Lakini ya mguu mmoja. Mguu wa pili ulikuwa unakanyaga bila sauti.

Nikaingia chumbani. Dada alikuwa peke yake, amelalia mito mitatu, uso kaelekeza kwenye rafu ya dirishani. Mlango wa uani ulikuwa umefungwa kwa komeo la ndani. Na chumba kilinuka udongo mbichi, kama kuna shimo limefukuliwa sasa hivi. Nikamuuliza alikuwa na nani. Akasema alikuwa anaongea na vyungu vyake. Sikubishana naye. Dada yangu aliongea na vyungu tangu ujana. Aliwahi kuwa na wachumba watatu na vyungu arobaini. Wachumba waliondoka mmoja mmoja, vyungu vikabaki.

Okidi zake ni zile za ndara. Ua lake lina kifuko mbele, kimejikunja kama ncha ya ndara ya mtoto. Hazipendi jua kali wala kiu, na ukimwaga maji katikati ya majani yakalala humo, zinaoza kuanzia moyoni. Dada alizimwagilia asubuhi tu, maji ya mvua, akipitisha kikombe pembeni polepole kama anayemnywesha mgonjwa. Na kila shina la okidi hiyo hutoa ua mara moja tu katika maisha yake. Likishachanua, linaanza kufifia, na machipukizi yanatokea ubavuni kurithi nafasi. Dada alinieleza hayo siku moja akicheka. Alisema ni mama wa kweli, anazaa kisha anaondoka.

Mimi ni mtoa dawa. Kazi yangu ni kupima, na nyumbani pia nilipima. Daktari alikuwa ametuonyesha picha ya mapafu ya Dada, yamejaa kitu kama ukungu. Dawa tatu zilishindwa. Akaniita pembeni, akaniambia nijiandae. Tangu siku hiyo nikawa nahesabu pumzi za Dada kwa saa ya mkononi, asubuhi na jioni, nikaandika nyuma ya boksi la dawa. Na kwa kuwa alinilazimisha nimpimie pia tumba la ua lililokuwa likivimba kwenye chungu cha mwisho cha rafu, niliandika na hilo pembeni.

Siku moja nikazilinganisha zile safu mbili. Kila tumba lilipoongezeka unene wa ukucha, pumzi za Dada zilizidi kuwa fupi.

Chungu hicho kilikuwa na okidi ya kipekee. Dada aliizalisha mwenyewe. Miaka minane iliyopita alichukua chavua ya ua la mtu mwingine, akalipaka ua lake jeupe lenye mistari ya kijani. Tunda lilikaa miezi kumi. Mbegu zikatoka laini kama vumbi, akazipanda ndani ya chupa za jemu zilizochemshwa, juu ya jeli ya mwani na sukari. Chupa ishirini. Kumi na tisa ziliota ukungu. Katika ile moja iliyobaki, mche mmoja ukashika. Akaulea miaka yote hiyo bila kujua ua lake litakuwa na sura gani. Dada hakuzaa. Mtu akimuuliza habari za watoto, alikuwa anaonyesha chungu kile, na hakuwa anatania.

Ile chavua ilitoka kwa Mama Vyungu.

Huyo alikuwa mwanamke wa mtaa wa pili, mtu mzima, ambaye nyumba yake ilijaa maua mpaka bafuni. Alikuwa na okidi moja ya ndara iliyokuwa nyekundu ya kuiva mno, karibu nyeusi. Dada alimwomba chavua yake miaka miwili mfululizo. Alimpelekea mbolea, akamsaidia kubadilisha vyungu, akambembeleza. Mama Vyungu alimpa kila kitu isipokuwa hicho. Kisha Mama Vyungu akafa ghafla, na juma lile lile Dada akawa na kikaratasi kilichokunjwa, ndani yake punje mbili za chavua. Nilijua ameiba msibani. Sikumuuliza. Katika nyumba yetu kuna mambo tuliyoyafunika kwa kawa, na maisha yakaendelea.

Sasa yalikuwa yamefunuka: ua lililozaliwa kwa wizi lilikuwa linamla Dada pumzi. Siku ya pili baada ya kuisikia ile ndara, kazi ilipokwisha tu, nilikwenda kwa mume wa Mama Vyungu.

Ni mzee, fundi saa aliyeacha kazi kwa ajili ya macho. Nilimwamkia, nikakaa, nikaanza kuzunguka mbuyu. Mwishowe nikashindwa. Nikamwambia kila kitu: dada yangu anakufa, aliiba ua la marehemu, nimekuja kumwombea msamaha, na kama kuna kitu cha kurudisha nitakirudisha leo hii hata kwa magoti.

Mzee akaniambia hakuna aliyeiba. Siku aliyokufa mkewe, ua lilikuwa moja tu na lilikuwa wazi. Alilikata mwenyewe alfajiri, kabla mwombolezaji yeyote hajafika, akaliweka kifuani mwa marehemu. Likazikwa naye. Mmea wenyewe aliuchoma jioni hiyo hiyo.

Nikamuuliza kwa nini aliuchoma.

Alieleza taratibu, kama mtu anayefungua saa ya zamani na kuogopa kupoteza skrubu. Ua lile lilichanua mara tatu katika nyumba yake. Mara ya kwanza, mama mkwe wake aliyekuwa akiishi nao alikatika pumzi ndani ya juma moja. Walilia, wakazika, hawakufikiri lolote. Mara ya pili aliondoka mtoto wao wa kwanza, kijana mzima, pumzi hiyo hiyo. Hapo mkewe akataka kuliteketeza akashindwa, maana alikuwa amelilea tangu likiwa jani moja. Akawa analikata kila lilipotoa tumba. Miaka ikapita salama. Ila mwaka ule wa mwisho aliliacha tumba likue, na mzee mpaka leo hajui kwa nini. Usiku lilipofumbuka, mkewe alitoka nalo uani, akaanguka ngazini. Walimkuta amevaa ndara moja. Ya mguu wa kushoto ilitafutwa na haikuonekana.

"Watu walimwita mchoyo," mzee akasema. "Mke wangu alikuwa na huruma tu."

Nilikuwa nimekwisha simama. Akanishika kiganja.

"Kabla halijafumbuka, mwanangu. Likishafumbuka, hakuna mkasi."

Sikumbuki njia niliyopita. Nakumbuka tu jua lilikuwa limegusa mapaa, nami nakimbia na viatu vya kazini, nikimwomba Mungu anipe robo saa.

Dada alikuwa ameketi. Siku ishirini alikuwa hajaketi. Alikuwa ameshika chungu mapajani, mashavu yamebonyea, midomo imegeuka rangi ya majivu. Na tumba lilikuwa limepasuka upande mmoja, ufa mwembamba kama jicho la mtu anayejifanya amelala. Ndani ya ufa palikuwa peusi.

Nikawasha mshumaa, nikapitisha wembe motoni. Ndivyo alivyonifundisha mwenyewe, usikate okidi kwa chuma kichafu. Alipouona wembe akaelewa.

"Kesho," akasema. "Niachie... mpaka kesho."

Nikamwambia kesho hatakuwepo. Akaitikia kwa kichwa kwamba anajua.

"Nimelisubiri... miaka minane."

Nilipiga magoti. Nikamwambia mimi nimemsubiri yeye tangu siku niliyozaliwa, sina mama, sina baba, sina mtu mwingine duniani. Akanifuta machozi kwa mkono mmoja. Mkono wa pili haukuachia chungu.

Ndipo harufu ya udongo ikaja.

Chap...

Ilitoka uani.

Chap...

Ukumbini.

Chap...

Ikasimama nyuma yangu. Ubaridi wenye maji ukanigusa shingoni, kama mtu mrefu ameinama kutazama kile ninachokitazama. Sikugeuka. Hata leo nashukuru kwamba sikugeuka. Lakini nilimwona Dada. Alikuwa anatazama juu ya bega langu, na hayakuwa macho ya mtu anayeogopa. Yalikuwa macho ya mtu anayeomba radhi.

Nikakata.

Nyuma yangu mtu akashusha pumzi. Ndefu... ndefu... kama ameishikilia kwa miaka. Kisha hapakuwa na mtu.

Tumba nililitia kwenye jiko la mkaa. Lilitoa povu na likachelewa kuungua. Dada aligeukia ukutani. Nilikaa chini kando ya kitanda nikihesabu pumzi zake.

Asubuhi nilimleta daktari nyumbani kwa mara ya kwanza. Alisimama mlangoni, akanusa, akauliza vyungu hivi vimo humu tangu lini. Akachota magome ya zamani, yakavunjika mkononi yakatoa vumbi jeupe. Akasema haya ndiyo maradhi yenyewe: ukungu wa magome yaliyooza, mtu akiuvuta miaka, mapafu yanavimba. Akaamuru vyungu vyote vitolewe, akabadilisha dawa. Siku ya nne Dada alimaliza sentensi bila kupumzika. Juma la tatu alitembea hadi barazani.

Daktari ni mtu mwenye akili, na maelezo yake yanatosha. Mara nyingi mchana nayaamini.

Dada lakini hakunisemesha. Alikula nilichopika, alimeza dawa nilizopima, akapita karibu yangu kama anapita karibu ya kabati. Nilisema moyoni si neno. Anichukie akiwa hai.

Jana tulikuwa tumekaa barazani, jua linashuka. Akaanza kuzungumza bila kunitazama. Alisema alisikia nilikwenda kwa mzee kumwombea msamaha wa wizi. Alisema katika maisha yake hajawahi kuiba hata uzi.

Nikamuuliza chavua aliitoa wapi, basi.

"Aliniletea mwenyewe," Dada akasema. "Siku ya tatu baada ya kuzikwa. Alisimama hapo uani wakati wa magharibi, akanipa kikaratasi. Akasema nimzalie."

Nikamtazama. Mikono yake ilikuwa imetulia mapajani, imeanza kurudisha nyama.

Nikajaribu kufikiri. Mwanamke aliyemnyima ua akiwa hai ili asimdhuru, alirudi akiwa maiti kumpa. Nikauliza kama Dada ana hakika yule alikuwa Mama Vyungu kweli.

Akageukia uani.

"Alikuwa anakuja kila jioni kulitazama," akasema. "Linavyokua. Alikuwa haniangalii mimi hata kidogo."

Akajifunika kanga mabegani.

"Sasa hakuna ua. Na bado anakuja. Anasimama kwenye mlango wako, mdogo wangu, ukiwa umelala."