Chumba Kisichotaka Kelele

Ndirangu aliishi Endebess na wazazi wake, Gachanja na Nyaruai. Asubuhi alikamua ng'ombe. Jioni alicheza mpira na vijana wenzake. Ng'ombe walilishwa kwenye uwanja huo huo wa mpira, kwa hivyo vijana walicheza juu ya samadi.

Siku moja msumari ulitoboa kiatu chake ukaingia kwenye unyayo. Ndirangu alifanya kama wachezaji wote walivyofanya. Alipaka udongo ili damu ikauke, akarudi kucheza. Nyumbani hakumwambia mtu.

Wiki iliyofuata alishindwa kutafuna ugali. Baba yake alimtania ati anaringa kwa sababu ni ugali wa jana. Lakini kesho yake shingo ilikuwa ngumu kama ubao, na taya zilikataa kufunguka. Gachanja aliacha utani. Walimkimbiza hospitalini Kitale.

Daktari aliyewapokea aliitwa Nelima. Alitazama unyayo, akawaambia ni pepopunda. Nyaruai alisikia neno moja tu: pepo. Akampigia simu Rosaline, kiongozi wa kikundi chao cha maombi.

Rosaline alikuja na akina mama wengine. Walizunguka kitanda, wakaomba kwa sauti kubwa. Mara Ndirangu akakakamaa. Mgongo uliinuka kama upinde. Meno yalisagana. Akili zake zilikuwa timamu. Macho yake yalimwangalia mama yake, na machozi yalitoka.

"Umeona, Mama Ndirangu?" Rosaline alisema. "Pepo hataki kusikia jina la Yesu. Si tumpeleke Bungoma? Kuna mkutano wa maombi huko. Gari liko hapo nje."

Nyaruai alianza kumfunika mwanawe blanketi wapate kumbeba. Nelima alimsihi. Alimwambia kwamba kijana akitikiswa barabarani, pumzi inaweza kukatika kabla hawajafika Kimilili. Nyaruai alisimama na blanketi mkononi. Aliogopa kumwondoa, na aliogopa kumwacha.

Wakati huo upepo ulibamiza mlango wa nje. Ndirangu akakakamaa tena, vibaya kuliko mwanzo.

Gachanja aliutazama mlango, kisha akamgeukia mkewe.

"Mama Ndirangu," alisema polepole, "mlango haukutaja jina la Yesu."

Nelima aliwatoa nje, akawaeleza kwa sauti ya chini. "Pepopunda ni jina tu, mama. Hakuna pepo hapo. Kuna viini vya ugonjwa vinavyoishi kwenye udongo na samadi. Viliingia na ule msumari. Sumu ya viini hivyo inakaza misuli. Kelele, mwanga, hata kumgusa, vinamkaza zaidi."

"Kwa hivyo tusimwombee?" Nyaruai aliuliza.

"Ombeni sana. Lakini ombeni moyoni. Mungu anasikia."

Rosaline alitazama chini. Kisha akaenda kumwambia dereva aondoke.

Nelima alisafisha kidonda, akamdunga Ndirangu dawa ya kuzuia sumu. Mapazia yalifungwa. Nyaruai alikaa gizani bila viatu ili asitoe kishindo, akiomba bila sauti. Alisikiliza kila pumzi ya mwanawe, akiogopa kwamba ndiyo ya mwisho. Wiki zilipita hivyo. Asubuhi moja Ndirangu alifungua mdomo, akaomba chai.

Kabla hajaruhusiwa kwenda nyumbani, alidungwa chanjo. Alishangaa, si amepona? Nelima alimwambia kwamba kuugua pepopunda hakumkingi mtu. Chanjo ndiyo humkinga. Tena mtu akiumia, aoshe kidonda kwa sabuni na maji safi. Asipake udongo wala samadi. Aende kituo cha afya siku hiyo hiyo.

Ndirangu alirudi uwanjani, lakini alirudi pia kwenye vitabu. Alirudia mtihani wa kidato cha nne, kisha akasoma miaka mingi. Leo ni daktari Bungoma. Kabla ya kila msimu wa mpira huenda Bumula kuwachanja wachezaji, kisha hucheza nao kama beki. Wao humwambia, "Daktari, bana, wewe sasa ni mzee."

Mwaka huu seng'enge ilimkata kipa wao mguuni. Alitoka uwanjani, akaosha kidonda kwa sabuni, akafika kituo cha afya jezi ikiwa bado na jasho. Kidonda kilipopona alirudi langoni. Mama yake kipa alikuwa kando ya uwanja, akimshangilia kwa sauti kubwa.