Kifungu cha Tatu Kina Maneno Kumi na Moja

Siku ile mjinga alikuwa yeye. Pasi mwenyewe hakatai, na ni mtu anayekataa mengi.

Saa tatu na nusu asubuhi alikuwa juu ya Yamaha, bastola ya Beretta kwapani, shati jeupe limenyooka kama kawaida yake. Jina la Pasi hakulipata bure. Mbele yake lori la mitungi ya gesi lilikuwa likikata kona kama la wizi.

Kichwani alikuwa na ujumbe mmoja tu, ulionaswa jana kwenye simu ya Mshauri, yule mgeni aliyeletwa kuisaidia serikali kuandika sheria ya haidrojeni.

"Chafu itaingia saa nne, imevaa safi."

Nani asingeelewa? Magendo. Mzigo. Lori.

Akalipita, akapiga breki, akailaza pikipiki katikati ya barabara. Lori likasimama hatua tatu kutoka puani mwake.

"Shuka. Mikono juu."

Dereva akashuka, bado anatafuna mkate.

"Mitungi hii ya wapi?"

"Kiwanda cha kutoa gesi kwenye makaa ya mawe kule bondeni, cha watu wa Mshauri. Huko ni moshi kutwa, na mto umekuwa wino. Ila gesi yenyewe haina neno, kaka. Ipime."

Pasi akatoa kipimo chake, kidude kisichozidi kiberiti, akakigusisha kwenye valvu.

Taa ya kijani. Haidrojeni tupu, haina mchanganyiko hata chembe.

"Sasa ulikuwa unakimbia nini?"

"Nimeambiwa nizunguke mjini mpaka saa nne. Akitokea wa kunifukuza, nikimbie." Dereva akamtazama kutoka kiatuni hadi kolani. "Walisema atatokea mmoja, kapiga pasi."

Simu ikatetema. Shangazi yake, msahihishaji wa miswada katika kiwanda cha uchapaji cha serikali.

"Uko wapi, mwanangu?"

"Kazini, shangazi."

"Kazi iko huku. Kifungu cha tatu cha ile sheria ya haidrojeni nilikipeleka mashineni na maneno kumi na moja. Kimerudi na manane."

Shangazi huhesabu maneno ya kila kifungu na kuandika idadi yake pembeni kwa penseli. Miaka thelathini wenzake wanamcheka.

"Nisomee ulichopeleka."

"Haidrojeni safi ni gesi iliyotengenezwa bila kutoa moshi wala kuchafua maji."

"Na kilichorudi?"

"Haidrojeni safi ni gesi isiyo na mchanganyiko wowote."

Pasi akaitazama taa ya kijani kiganjani.

Mzigo haukuwa kwenye lori. Ulikuwa ndani ya neno.

Saa nne kamati ya Bunge ilikuwa ipitishe sheria ya mfuko wa taifa wa haidrojeni safi. Kwa kifungu alichopeleka shangazi, mfuko ungewainua watu kama dada yake, mhandisi aliyejenga mtambo wa kupasua maji kwa umeme wa jua ili kupata haidrojeni, kule bwawani. Bila mfuko huo, mtambo ungezimwa mwisho wa mwezi, na yeye na mafundi wake arobaini wangekaa nyumbani. Kwa kile kilichorudi, mfuko mzima ungeteremka bondeni, kwenye moshi, kwa sheria na kwa muhuri.

"Shangazi, jifungie ndani na hiyo karatasi."

"Nimeshajifungia. Kuna wawili mlangoni wanasema ni mafundi wa kiyoyozi. Humu hakuna kiyoyozi tangu nianze kazi."

Redio ikakwaruza. Mkuu wake.

"Pasi, rudi kituoni. Mshauri ni mgeni wa waziri. Asiguswe."

"Mkuu, unakatika."

"Sikatiki. Nakusikia vizuri kabisa."

"Una bahati."

Akaizima.

Dakika kumi na mbili baadaye alikuwa kwenye korido ya kiwanda cha uchapaji. Fundi wa kwanza alikutana na helmeti, akakaa chini kufikiri. Wa pili akachomoa kisu. Pasi akalipiga teke robota la karatasi, zito kama ndama, likabingirika likambana jamaa ukutani. Ndoo ya wino ikapinduka kutoka rafuni.

Yote juu ya shati.

Kitasa kikalia. Shangazi akatoka, karatasi kifuani, akamkagua.

"Hilo halitoki."

"Panda, shangazi."

"Kofia yangu iko wapi? Au ya kwangu ndiyo uliyopigia watu?"

Saa nne kasoro dakika mbili waliingia ukumbini, mmoja mweusi kwa wino, mwingine helmeti kichwani. Mwenyekiti wa kamati alikuwa ameshika nyundo. Pasi akamwekea mezani karatasi ya shangazi, yenye saini chini na idadi ya penseli pembeni.

"Mama, saini hii ni yako?"

Mwenyekiti akasoma. Akahesabu kwa kidole. Akaiweka nyundo chini.

"Ni yangu. Wajumbe, rudisheni hizo nakala. Tunapitisha hii."

Askari wawili wakasogea nyuma ya kiti cha Mshauri. Hakutikisika. Alivaa shati jeupe pee, na Kiswahili chake kilikuwa kimenyooka kuliko chetu.

"Mnagombania nini? Gesi ni ile ile. Afisa wenu ameipima asubuhi hii, taa ikawaka kijani. Au nasema uongo?"

Dereva hakuwa amechelewa kupiga simu.

"Kweli," Pasi akasema. "Iliwaka."

Minong'ono ikapita mezani. Mjumbe mmoja akaivuta tena mbele yake nakala yake ya maneno manane. Wa pili akamfuata.

"Mnaona?" Mshauri akatabasamu. "Safi ni safi. Fungueni kamusi yoyote."

Pasi alikuwa ameshageuka kuelekea mlangoni, mikono mfukoni, wino ukidondoka nyuma yake tone kwa tone. Hakuharakisha. Alimjua shangazi yake.

Shangazi akavua helmeti, akaitua juu ya meza.

"Hata shati lako ni safi, mgeni wetu. Sasa waambie umelifulia kwenye mto wa nani."